Gharama ya Ngumi: Hesabu ya Kiboko na Hesabu ya Bondia

Kila mwaka ifikapo Septemba, mto Katuma hupungua hadi kubaki mfululizo wa madimbwi ya tope. Msafiri atokaye Mpanda mjini kuelekea kusini, afikapo Sitalike penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huwaona viboko wamebanana majini kama magogo yaliyosukumwa pamoja na mafuriko. Wakati wa masika wanyama hao hutawanyika katika mbuga za Katavi na Chada zilizojaa maji, lakini wakati wa kiangazi mamia yao hulazimika kugawana dimbwi moja, na humo ndimo madume hupigana. Kiboko dume huwa na uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na chonge zake za taya la chini huweza kufikia urefu wa nusu meta. Ngozi yake ina unene wa sentimeta kadhaa, lakini haitoshi kuzuia chonge hizo, na kwa hiyo madume wengi wazee wana makovu mgongoni na ubavuni. La ajabu ni kwamba majeraha hayo aghalabu hupona ijapokuwa mnyama hushinda katika maji machafu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Kijapani walieleza sehemu ya sababu: ute mwekundu utokao katika ngozi ya kiboko una kemikali inayozuia bakteria kukua.

Hata hivyo, mtazamaji mwenye subira atagundua kuwa vitisho ni vingi kuliko mapigano yenyewe. Dume mwenye eneo lake hupanua kinywa, hukoroma, na hurusha kinyesi kwa mkia. Dume dhaifu hunyenyekea, naye huachwa akae, almuradi asiwaendee majike. Hata pambano linapoanza, yule aonaye kuwa amezidiwa hugeuka akaenda zake. Kwa nini asipigane hadi mwisho?

Jibu la kihesabu lilitolewa mwaka 1973 na John Maynard Smith wa Uingereza pamoja na George Price, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti London. Kabla yao wanabiolojia wengi waliamini kuwa wanyama hujizuia ili kabila lao lisiangamie. Wataalamu hao wawili walionyesha kuwa kujizuia kwaweza kuwa na faida kwa mnyama mwenyewe. Mwalimu wa hisabati aweza kuuandika mfano ufuatao ubaoni. Zawadi ya ushindi na iwe alama 20, na jeraha kubwa liwe hasara ya alama 100. Wakali wawili wasiorudi nyuma wakikutana, kila mmoja ana nafasi nusu ya kushinda na nusu ya kuumia, hivyo wastani wake ni (20 − 100) ÷ 2, yaani hasara ya 40. Katika kundi la wakali watupu, mpole akimbiaye hupata sifuri, na sifuri ni bora kuliko hasara ya 40. Lakini katika kundi la wapole watupu, mkali mmoja hujichukulia zawadi zote. Kundi hutulia pale sehemu ya wakali inapolingana na zawadi ikigawanywa kwa gharama: hapa ni 20/100, yaani mmoja kati ya watano.

Katika kanuni hiyo, zawadi ikipanda thamani, wakali huongezeka. Ndivyo yaonekanavyo Katuma. Dimbwi likiwa moja tu, thamani ya kubaki ndani yake ni sawa na uhai wenyewe, na mnyama aliyekuwa akikimbia wakati wa masika sasa hana pa kukimbilia. Wala upungufu huo wa maji si kazi ya jua peke yake, kwani watafiti wamekwisha kuonyesha mchango wa uchepushaji wa maji kwa mashamba ya mpunga yaliyo juu ya mto, nje ya hifadhi.

Yuko kiumbe mwingine apiganaye kwa ajili ya riziki, naye ni bondia wa ngumi za kulipwa. Kanuni ya Maynard Smith na Price yamhusu, ila masharti mawili yanayomlinda kiboko hayapo ulingoni. Kwanza, kiboko aweza kuondoka wakati wowote, ilhali bondia amelipwa ili asiondoke, na watazamaji wamelipa kiingilio ili wamwone akivumilia. Pili, kiboko hulijua jeraha lake siku ileile. Jeraha kubwa la bondia halitoki damu wala haliumi, na huenda likachukua miaka 15 kujitokeza.

Ndondi zimeiletea Tanzania sifa tangu zamani. Titus Simba alitwaa medali ya fedha ya uzito wa kati katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, naye Michael Yombayomba akatwaa dhahabu ya uzito wa bantam huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Hizo zilikuwa ngumi za ridhaa, ambazo raundi zake ni chache. Siku hizi macho ya vijana yameelekea ngumi za kulipwa, hasa tangu Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili huko Birmingham, Uingereza. Kijana wa Mpanda alizipata habari za ushindi huo kama kijana wa Dar es Salaam. Lakini kila pambano lina mshindi mmoja na mshindwa mmoja, na magazeti hayana ukurasa wa kueleza mshindwa yuko wapi miaka 20 baadaye.

Ngumi na ubongo

Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walipima ngumi ya Frank Bruno, bondia wa uzito wa juu. Mkono wake ulifika shabahani kwa kasi ya meta 8.9 kwa sekunde, ukatoa nguvu ya kiasi cha niutoni 4,100. Walilinganisha pigo hilo na nyundo ya mbao ya kilo 6, iliyofunikwa kwa kitu laini, ikitupwa kwa kasi ya kilometa 32 hivi kwa saa. Shabaha ilisukumwa kwa mchapuko wa mara 53 ya ule wa kitu kinachoanguka chini.

Ubongo wa binadamu, ambao una gramu 1,300 hadi 1,400, ni laini na umezungukwa na giligili ndani ya fuvu gumu. Mwaka 1943 mwanafizikia Holbourn wa Oxford, akitumia mifano ya ubongo iliyofanywa kwa jelatini, alieleza kuwa kinachoudhuru zaidi si kusukumwa moja kwa moja, bali kuzungushwa ghafla. Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa bakuli la uji mzito ulionyunyiziwa mstari wa unga juu yake. Bakuli likizungushwa ghafla, hutangulia, na uji hubaki nyuma. Mstari wa unga hupinda na kukatika karibu na ukingo. Katika kichwa kilichopigwa, kinachopinda na kukatika ni nyuzi za neva na mishipa midogo ya damu. Kwa sababu hiyo mabondia hulenga kidevu: kidevu kiko mbali na mhimili wa shingo, nacho hufanya kazi ya wenzo kuzungusha kichwa kizima.

Watu wengi hudhani kuwa glavu humlinda apigwaye. Glavu hupunguza mipasuko ya ngozi, lakini kazi yake kubwa ni kuilinda mifupa ya mkono wa mpigaji, ambaye sasa aweza kupiga fuvu mara nyingi pasipo kuvunjika vidole. Mpiganaji wa mikono mitupu hulazimika kuacha mapema.

Madhara hayo huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya ghafla. Vena ndogo zilizo kati ya ubongo na utando wake wa nje hukatika, damu hujikusanya polepole, na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hubanwa. Kati ya pigo na kuzimia huweza kupita muda ambao mtu huongea na kutembea kama mzima. Mfano wa kusikitisha ni wa Robert Wangila wa Kenya, aliyepata dhahabu ya uzito wa welter katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, kisha akaenda Marekani kupigana kwa malipo. Tarehe 22 Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pambano lake katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika kuwa bado aliweza kuendelea. Alipofika katika chumba cha kubadilishia nguo alizimia. Alifanyiwa upasuaji, akafariki kabla siku mbili hazijatimia, akiwa na umri wa miaka 26. Miaka 12 kabla yake, kifo cha Duk Koo Kim wa Korea Kusini, aliyepigana na Ray Mancini Novemba 1982, kilifanya Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, kupunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hadi 12. Mwishoni mwa Desemba 2024 Tanzania nayo iliomboleza, bondia Hassan Mgaya alipofariki baada ya kuangushwa ulingoni jijini Dar es Salaam.

Njia ya pili ni ya polepole, nayo huwafikia wengi zaidi. Daktari Harrison Martland wa New Jersey aliandika mwaka 1928 juu ya mabondia wanaotembea na kuongea kama walevi hali hawakunywa pombe. Mwaka 1969 Roberts wa Uingereza alitoa matokeo ya kuwapima mabondia wastaafu wa kulipwa 224 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na akakuta dalili za kuharibika ubongo kwa 37 kati yao, yaani mmoja katika kila sita. Waliokuwa wamepigana miaka mingi na mapambano mengi ndio walioathirika zaidi. Mwaka 1973 Corsellis na wenzake walichunguza ubongo wa mabondia 15 waliokwisha kufariki. Waliona vifundo visivyo vya kawaida ndani ya seli za neva, na seli zilizopungua katika sehemu zinazotawala mwendo wa mwili. Siku hizi yajulikana kuwa vifundo hivyo ni mrundikano wa protini iitwayo tau. Ikumbukwe kuwa madhara hutokana na jumla ya mapigo yote, yakiwamo ya mazoezini, ambayo hayana mwamuzi, daktari wala malipo.

Muhammad Ali, aliyemshinda George Foreman huko Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, alipigana kwa mara ya mwisho Desemba 1981. Mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42, alitangazwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, akaishi nao hadi alipofariki mwaka 2016. Madaktari hawakukubaliana wote kuwa ngumi ndizo zilizokuwa chanzo. Lakini ni vigumu kuamini kuwa raundi zake za mwisho hazikumzidishia madhara.

Fedha

Ichukuliwe, kwa zoezi tu, kuwa bondia hulipwa shilingi 1,000,000 kwa pambano na hupigana mara 4 kwa mwaka. Robo huchukuliwa na meneja na mwalimu wake, na robo nyingine huishia katika chakula, nauli na vifaa. Hubaki shilingi 2,000,000 kwa mwaka, yaani chini ya 5,500 kwa siku, na kwa miaka 10 hupata shilingi 20,000,000. Afikapo umri wa miaka 40 mikono yaanza kutetemeka, naye hawezi kazi ya uashi wala jembe. Kama kazi hiyo ingempa shilingi 5,000 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, basi kwa miaka 20 amekosa shilingi 25,000,000. Hasara imezidi pato lote la ulingoni, na bado haijahesabiwa dawa, wala siku za mama au dada aliyeacha shamba ili amlishe.

Waliopata mamilioni nao hawakusalimika. Joe Louis aliandamwa na madeni ya kodi hadi uzeeni, na Mike Tyson alitangaza kufilisika mwaka 2003. Lakini hao walipoteza walichokwisha kupata. Bondia wa kawaida hupoteza kile ambacho angekipata baadaye, na hasara hiyo haiandikwi katika mkataba wowote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa. Bondia wa pambano mojamoja, kwa kawaida, hana mwajiri. Promota wa usiku ule amekwisha kwenda na wengine.

Hapa ndipo hesabu ya dimbwi inaporudi. Kijana mwenye ufundi au shamba lenye maji anao uwezo wa kukataa pambano baya, kwa mpinzani aliyemzidi uzito au wiki tatu baada ya kuangushwa. Asiye na kitu kingine hukubali, na mapromota wajua hivyo.

Kwa mji kama Mpanda kuna neno moja zaidi, nalo ni umbali. Hospitali zinazofahamika kwa upasuaji wa ubongo, kama ile ya mifupa na neva ya MOI jijini Dar es Salaam na ile ya Bugando jijini Mwanza, ziko mamia ya kilometa kutoka Katavi, na damu inayojikusanya ndani ya fuvu huhesabiwa kwa saa. Kwa hiyo pambano lisifanyike pasipo daktari na gari la wagonjwa, hata kama ni la ridhaa katika uwanja wa shule. Mtu aliyepigwa kichwani akilalamika kuwa maumivu ya kichwa yanazidi, akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganya maneno, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, asiachwe alale akidhaniwa kuwa amechoka. Apelekwe hospitali saa ileile, na aliyemwona akianguka afuatane naye ili aeleze pigo lilimpata wapi na ni saa ngapi.