KIPIMO CHA HARAKA CHA MALARIA: JAWABU LAKE LINAAMINIKA KWA KIASI GANI?

Malaria imepungua sana Unguja na Pemba tangu mwaka 2003, pale dawa mseto ilipochukua nafasi ya klorokwini, ikafuatiwa na ugawaji wa vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani. Kwa sababu hiyo homa nyingi za leo si malaria. Hata hivyo, wapo wananchi ambao wakiambiwa kuwa hawana malaria hutilia shaka kipimo na kudai dawa. Inafaa basi ieleweke kipimo hicho hufanya kazi vipi, na ni wapi kinaweza kukosea.

Kipimo kinatafuta nini

Mtaalamu wa maabara anapotumia hadubini huviona vimelea vyenyewe. Kipimo cha haraka hakivioni wala hakivihesabu; hutafuta protini ambazo vimelea huziacha katika damu. Damu kidogo ya kidole pamoja na matone ya maji maalumu hupanda katika utepe. Mstari ukitokea kwenye herufi C pekee, malaria haikuonekana. Mistari miwili maana yake malaria imeonekana, hata ule wa pili ukiwa hafifu. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo hicho ni batili na lazima kirejewe kwa kipimo kipya.

Ubora wa kiwandani

Vipimo vyote havikutengenezwa kwa ubora mmoja. Shirika la Afya Duniani, kwa kushirikiana na taasisi ya FIND na kituo cha Marekani cha kudhibiti maradhi, lilivilinganisha vipimo vya viwanda mbalimbali. Matokeo ya awamu ya kwanza yalitolewa mwaka 2009. Ilidhihirika kuwa pale vimelea vilipokuwa vingi, vipimo vingi vilifanya vyema; vilipokuwa vichache, tofauti baina ya kipimo na kipimo ilikuwa kubwa mno. Ndipo kikawekwa kiwango: kipimo kigundue angalau asilimia 75 ya sampuli zenye vimelea 200 katika mikrolita 1 ya damu, majibu ya kuwapo malaria isiyokuwapo yasifikie asilimia 10, na vipimo batili visifikie asilimia 5.

Joto, unyevunyevu na mkono wa mpimaji

Kipimo kilichotoka kiwandani kikiwa kizuri huweza kuharibika njiani au bohari. Katika nchi za joto, kasha lililoachwa juani ndani ya gari au chini ya paa la bati hupata joto kuliko lile lililoandikwa juu yake. Unyevunyevu nao ni adui. Ndiyo maana kila kipimo hufungwa peke yake, na hakifunguliwi mpaka wakati wa kukitumia. Makosa mengine ni ya mkono: damu kuzidi au kupungua, matone kutohesabiwa, kuchanganya maji ya kipimo cha aina moja na nyengine, au kusoma jawabu kabla ya wakati ulioelekezwa au baada ya kupita.

Pale kipimo kizima kinapokosea

Yapo mambo matatu ambayo hayatokani na uzembe. Kwanza, protini inayotafutwa na vipimo vingi, iitwayo HRP2, hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Aliyetibiwa karibuni anaweza kuonekana bado anayo malaria. Mtu huyo huhitaji hadubini.

Pili, baadhi ya vimelea vimepoteza uwezo wa kutoa protini hiyo. Jambo hili liliripotiwa Peru mwaka 2010. Baadaye Eritrea iligundua kuwa wagonjwa wenye vimelea vilivyoonekana kwa hadubini walikuwa wakipata jawabu la kutokuwa na malaria, na mwaka 2016 ikabadilisha aina ya kipimo. Tatu, vimelea vikiwa vichache sana, kipimo huweza kutoviona.

Hesabu inayofaa kuzingatiwa

Tuchukue mfano. Watu 1,000 wamepimwa, na 10 tu kati yao wana malaria. Kipimo kinawagundua wagonjwa 95 katika kila 100, na kinakosea kwa watu wazima wa afya 5 katika kila 100. Watakaoambiwa wana malaria watakaribia 60, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 9 au 10. Lakini katika watu 940 hivi watakaoambiwa hawana, hatazidi mmoja aliyekosewa.

Maana yake ni kwamba pahala penye malaria chache, jawabu la "huna" ndilo lenye nguvu zaidi. Anayelikataa na kumeza dawa huenda akaiacha homa ya mapafu au maradhi mengine yaendelee mwilini bila ya tiba.

Wajibu wa kila mmoja

Watumishi wa afya wanakumbushwa:
1. Kuweka kumbukumbu za joto la bohari na kutotumia kipimo kilichopitwa na tarehe.
2. Kufuata maelekezo ya kasha husika, na kutumia saa, si makisio.
3. Kuripoti mapema majibu yanayopingana na hadubini.

Wananchi wanaombwa:
1. Kumweleza mpimaji kama wamesafiri Tanzania Bara au kwengineko siku za karibuni, au wametumia dawa ya malaria.
2. Kutodai dawa baada ya kuambiwa hawana malaria.
3. Kurudi kituoni bila ya kuchelewa iwapo homa inaendelea, khasa kwa mtoto mdogo na mama mjamzito.

Kipimo ni shahidi. Ushahidi wake huwa wa kutegemewa pale anapotunzwa vyema, anapoulizwa kwa utaratibu, na anaposikilizwa.