Usikimbilie kukigeuza kipindi ulichorekodi

IKIWA nyumbani kwako kuna king'amuzi chenye tundu la kuchomeka flashi, basi huenda wewe ni miongoni mwa wale ambao wamewahi kurekodi kipindi cha runinga wakakiweka. Labda ni kwaya ya kanisa lenu iliyoonekana Jumapili moja asubuhi. Labda ni mtoto wako akikariri shairi kwenye tamasha za shule. Au labda, kama ilivyokuwa kwa shangazi yangu, ni sura na sauti ya mtu ambaye hutamwona tena.

Mumewe shangazi alikuwa mfugaji, na mwaka wa 2017 alihojiwa katika kipindi kimoja cha kilimo. Kipindi kilikuwa cha saa kumi alasiri, lakini shangazi, kwa kuhofia kwamba wageni wangemsahaulisha, aliamuru king'amuzi kirekodi tangu saa nane. Mzee alifariki miaka miwili baadaye. Siku za kumkumbuka zilipokaribia, mjukuu alichukua flashi ile ili aihamishie rekodi kwenye simu. Simu ikakataa kuifungua. Kijana akaipeleka kwa fundi mjini, na jioni akarudi na kitu kilichofunguka bila taabu, isipokuwa uso wa babu ulikuwa umegeuka vigae vya miraba na midomo yake haikuandamana na sauti. Alipouliza ilikokwenda ile faili ya kwanza, aliambiwa ilikuwa kubwa mno, ikafutwa ili kupata nafasi. Nafasi yenyewe ilijazwa nyimbo.

Enzi za kanda za VHS mambo yalikuwa rahisi. Ukiwa huna mashine, ulibisha mlango wa jirani mwenye nayo, mkatazama pamoja. Lakini tangu Kenya ilipoachana na mitambo ya analogi mwaka wa 2015, kinachorekodiwa na king'amuzi ni mkondo wenyewe wa kidijitali ulivyopokewa na antena, na mkondo huo haukutengenezewa simu yako.

Faili nyingi za namna hiyo huishia kwa herufi .ts au .mts. Ndani yake picha na sauti zimekatwakatwa katika pakiti ndogo za baiti 188 kila moja, ili mvua au upepo ukipoteza chache, zilizobaki ziendelee kuonekana, na hata mtu anayewasha runinga kipindi kikiwa katikati aweze kukipata. Ni mpango mzuri kwa safari ya hewani. Simu nazo zimezoea faili za .mp4, ambazo huwa na kielezo kinachoonyesha kila picha iko wapi. Ndiyo sababu faili isiyo na kasoro yoyote inaweza kukataliwa na simu.

Sasa nisikilize vizuri, mpenzi msomaji, maana hapa ndipo wengi huponzwa. Kuna njia mbili za "kugeuza" faili, na mafundi wengi huzitaja kwa jina moja. Chukulia kwamba una maembe kwenye gunia nawe unayataka kwenye kikapu. Unaweza kuyahamisha moja moja, yakabaki maembe yale yale. Au unaweza kuyakamua juisi, ukaimimina kwenye chupa. Juisi ni tamu na haichukui nafasi, lakini hakuna atakayekurudishia embe.

Fundi wa mjini alikamua. Alizifungua picha zote, akazibana upya kwa kipimo kidogo, na kila picha inapobanwa upya kuna sehemu yake inayotupwa kabisa. Haikuwa lazima. Matangazo ya nchi kavu hapa Kenya hutumia mfumo wa DVB-T2, na picha zake kwa kawaida hubanwa kwa mtindo wa H.264, ambao simu za kisasa zinaufahamu. Lililohitajika ni kubadilisha gunia tu.

Kazi hiyo haikugharimu pesa. Kwanza nakili faili kwenye kompyuta, kisha toa flashi uiweke mbali. Jaribu kuifungua kwa programu ya VLC, inayopatikana bure na isiyochagua sana. Ikichezeka, faili ni nzima. Kisha tumia FFmpeg, programu nyingine ya bure ambayo haina vitufe vya kubonyeza bali huandikiwa amri. Usiogope, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i kipindi.ts -c copy kipindi.mp4

Neno "copy" ndilo lenye uzito. Linaiambia programu isiguse picha wala sauti, ihamishe tu. Kipindi cha saa moja humalizika kwa muda mfupi, huku kukamua kukiweza kuchukua saa nzima kwenye mashine ya kale. Picha ikitokea bila sauti, huenda sauti imebanwa kwa mtindo ambao simu haiufahamu. Hapo geuza sauti pekee, kwa kuandika -c:v copy -c:a aac mahali pa -c copy.

Programu ya HandBrake, ambayo wengi huipenda kwa kuwa ina vitufe, hukamua kila mara. Itumie unapotaka kupunguza ukubwa makusudi, na ukiona mistari kama meno ya kitana kwenye vitu vinavyosogea, washa kichujio chake cha kuiondoa. WhatsApp pia huikamua video. Tuma faili kama hati, si kama video.

Jambo jingine huwakanganya watu. Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja izidi gigabaiti 4. Rekodi inayoingia kwa megabiti 4 kila sekunde hula takriban gigabaiti 1.8 kwa saa, kwa hivyo baada ya saa mbili na kitu king'amuzi hufunga faili ya kwanza na kufungua ya pili. Vipande hivyo huungana kwa urahisi vikiwa bado .ts. Kwenye Windows huandikwa copy /b moja.ts+mbili.ts yote.ts, halafu ndipo unapobadilisha gunia.

Ving'amuzi vya kulipia ni hadithi nyingine. Baadhi hufunga rekodi kwa kufuli ya siri, isichezeke popote ila kwenye kifaa kile kile, na hakuna gunia litakalosaidia. Na king'amuzi chochote kikikuuliza iwapo kiifomati flashi yako, jibu ni hapana, kwani kitaifuta yote. Sina haja ya kukukumbusha kwamba kuhifadhi kipindi cha jamaa yako si sawa na kuchoma nakala za sinema na kuziuza stendi ya matatu.

Kuhusu shangazi, ile hofu yake ya wageni ndiyo iliyomwokoa. Kwa kuwa alianza kurekodi saa nane, faili ya kwanza ilijaa kipindi kikiwa kinaendelea, na ya pili fundi hakuigusa kwa kudhani ni mambo mengine. Tuliihamisha kwa muda usiotosha chai kuchemka. Mzee anaonekana humo kwa dakika kama saba, ameshika kamba ya ng'ombe. Swali aliloulizwa lilikuwa kwenye faili iliyoharibiwa, kwa hivyo anaanzia katikati ya jibu, akilalamikia bei ya chakula cha mifugo. Shangazi huisimamisha simu kando ya sufuria akipika, na kila mzee anapoitaja bei hiyo, yeye humjibu kwamba siku hizi imepanda zaidi.