Kibuyu, Nyongo na Kolesteroli

Mwenyeji wa Nyacheki, huko Bobasi katika Kaunti ya Kisii, hutikisa kibuyu kabla ya kumimina. Maziwa yamekaa siku kadhaa, maji yamejitenga na mabonge, na harufu ya uchachu inaifikia pua kabla ya kikombe kujaa. Wenyewe huyaita amabere amaruranu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha orodha ya vijidudu walivyovikuta katika maziwa haya ya Wakisii, na miongoni mwavyo alikuwamo Lactobacillus plantarum, bakteria anayejua kuichezea nyongo.

Nyongo hutokana na kolesteroli. Ini huigeuza kolesteroli kuwa asidi, kisha huifunga asidi hiyo na glisini au taurini. Hizo ndizo chumvi za nyongo. Kazi yake ni ile ya sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: huyatawanya mafuta ya chakula yawe matone madogo yanayosagika. Baada ya kazi, mwili hauitupi sabuni hiyo. Mwishoni mwa utumbo mwembamba, takriban asilimia 95 hufyonzwa na kurudishwa kwenye ini.

Hapo ndipo bakteria huingilia. Kimeng'enya chao hukata kile kifungo cha glisini au taurini, na chumvi iliyokatwa haifyonzwi kwa urahisi. Sehemu yake hutoka na choo. Ini, likipungukiwa, huchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Dawa ya kolestiramini hupitia njia iyo hiyo: huinasa nyongo tumboni isirudi.

Wamaasai, majirani wa Nyacheki upande wa Transmara, wamo katika historia ya elimu hii. Mwaka 1974 Mmarekani George Mann na Anne Spoerry, daktari wa ndege aliyejulikana sana Kenya, walichapisha matokeo ya wanaume wa Kimaasai waliokunywa maziwa ya mgando kwa wingi. Watafiti walikuwa wakipima kama kemikali fulani ingepandisha kolesteroli. Badala yake kolesteroli ikashuka, hata kwa walionenepa.

Majaribio ya baadaye yameonyesha kwamba upungufu huo huwa wa kiasi tu, tena hutegemea aina ya bakteria. Kwa hiyo aliyeandikiwa dawa ya kolesteroli asiiache kwa ajili ya mala, yaani maziwa ya mgando. Na maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kibuyuni pamoja na mala kidogo ya zamani: bakteria wa kuchachusha watatoka humo, na ugonjwa wa brusela utakuwa umebaki jikoni.