Mboga Mbichi Zinahitaji Mafuta

Watu wengi wanaoamua kula kwa kujali afya huanza na mboga mbichi, na papo hapo huanza kuyakimbia mafuta. Karoti inakunwa, kabichi linakatwa nyembamba, nyanya na tango vinafuata, ndimu inakamuliwa, chumvi kidogo, basi. Sosi nzito ya mtindi, parachichi au nazi iliyotiwa giligilani huonekana ni anasa ya hotelini, kitu cha kunenepesha kinachokuja kuharibu chakula kilichokuwa kizuri. Mimi nashikilia kwamba ni kinyume chake. Bakuli la mboga mbichi lisilo na mafuta yoyote ni chakula nusu, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokitafuta humo hupita mwilini bila kuchukuliwa. Sosi ndiyo inayolifanya bakuli hilo lilishe.

Sababu iko kwenye virutubisho vyenyewe. Vitamini C ya pilipili hoho na kabichi huyeyuka katika maji, na mwili huichukua bila kuhitaji msaada wa mafuta. Lakini rangi ya chungwa ya karoti na wekundu wa nyanya hutokana na karotenoidi, na hizi huyeyuka katika mafuta. Humo imo beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Imo laikopeni ya nyanya. Imo pia luteini ya majani ya kijani, ambayo hukusanyika kwenye retina ya jicho. Ili zipenye ukuta wa utumbo mwembamba, lazima kwanza ziingie ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta vilivyovunjwavunjwa na nyongo. Mlo usipokuwa na mafuta, nyongo hutoka kidogo, vitone hivyo havitengenezwi vya kutosha, na karotini iliyogharimiwa sokoni inaishia chooni. Na si jambo dogo, maana upungufu wa vitamini A ni miongoni mwa sababu kuu za upofu wa watoto unaoweza kuzuilika.

Hili limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walilishwa saladi ya spinachi, letusi, nyanya ndogo na karoti, saladi ile ile kwa siku tofauti, ila sosi ikibadilishwa: siku moja haina mafuta kabisa, siku nyingine gramu 6, siku nyingine gramu 28. Kisha damu yao ikapimwa saa baada ya saa. Siku ya sosi isiyo na mafuta, karotenoidi zilizoingia kwenye damu zilikuwa karibu na sifuri. Kwa gramu 6 zilionekana, na kwa gramu 28 zilipanda sana. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitumia parachichi badala ya sosi ya chupa. Gramu 150 za parachichi kwenye saladi ziliongeza ufyonzwaji wa beta-karotini mara 15 na luteini mara 5, na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye parachichi yalifanya kazi ile ile. Waliopimwa katika majaribio hayo walikuwa wachache, na ni haki kulisema. Hata hivyo majibu yanaelekea upande mmoja, na yanaafikiana na kinachojulikana kuhusu kazi ya nyongo na utumbo.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona kachumbari yetu haina tone la mafuta, na imeliwa pwani na bara miaka yote? Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye sahani nzima. Kachumbari hailiwi peke yake. Inaliwa na nyama choma yenye mafuta yake, na pilau iliyopikwa kwa samli, na biriani. Mafuta ya nyama au ya wali yanakutana na nyanya tumboni na kazi inafanyika. Kwa hiyo kwenye pilau kachumbari ya ndimu na chumvi inatosha, na kuiongezea sosi nzito ni kuulemeza mlo ambao tayari ni mzito. Tatizo linaanza pale mtu anapoitoa kachumbari kwenye mahali pake, akaifanya ndiyo mlo wa jioni, au akaila na ugali na maharage ya kuchemsha. Hapo mafuta hayatoki popote, na ndipo sosi inapodaiwa.

Wengine watasema afadhali kupika. Wana hoja. Moto huvunja kuta za seli, na laikopeni ya nyanya iliyopikwa kwa mafuta huchukuliwa na mwili vizuri zaidi kuliko ya nyanya mbichi. Karoti nayo ni hivyo hivyo. Tena ziko mboga zisizofaa kuliwa mbichi: kisamvu kibichi kina sumu ya sayanidi, na mchicha una oksalati ambayo hupungua ukichemshwa na maji yake kumwagwa. Simwambii mtu aache mchicha wa nazi. Lakini vitamini C huharibiwa na moto na huvuja kwenye maji ya kuchemshia, na walaji wengi wa mjini hawafikii gramu 400 za matunda na mboga kwa siku zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Bakuli bichi ni njia ya kuongeza juu ya mboga zilizopikwa, na ni njia ya haraka kwa anayerudi nyumbani usiku bila hamu ya kuwasha jiko.

Pingamizi zito zaidi ni unene. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14 hivi za mafuta na kalori 120, na mkono ukiteleza bakuli linaweza kubeba zaidi ya sahani ya wali. Kipimo ni lazima. Lakini angalia kinachohitajika hasa: gramu 100 za parachichi, ambazo ni karibu nusu ya tunda kubwa, zina gramu 15 za mafuta na kalori 160, na mafuta hayo mengi ni ya aina ile ile iliyomo kwenye zeituni. Soda moja ya mililita 300 ina gramu zaidi ya 30 za sukari na haina kinachobebwa nayo. Anayetaka kupunguza uzito ana vitu vingi vya kuondoa mezani kabla ya kuigusa sosi ya mboga. Tui la nazi linataka uangalifu zaidi, kwa kuwa mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu mbaya kwenye damu; ningelitumia siku moja moja, na parachichi siku za kawaida. Mtindi wa maziwa yasiyoondolewa mafuta una gramu 3 hadi 4 tu za mafuta kwa kila gramu 100, kwa hiyo peke yake ni mwepesi mno kwa kazi hii. Mtindi na parachichi pamoja ndio mchanganyiko ninaoupendelea: mmoja unatoa uchachu, mwingine unatoa mafuta.

Wala hatuhitaji kununua chupa. Sosi iitwayo ranch, iliyoenea sana Marekani, ilibuniwa na Steve Henson alipokuwa akifanya kazi Alaska. Mwaka 1954 yeye na mkewe walifungua ranchi yao karibu na Santa Barbara, California, na mwaka 1972 jina na biashara vikauzwa kwa kampuni ya Clorox. Ukiondoa hadithi hiyo, kinachobaki ni mtindi, mayonezi, kitunguu saumu na majani yenye harufu. Pwani ya Afrika Mashariki ina ndugu yake mkubwa: chatne ya nazi, yaani nazi iliyosagwa na pilipili, ndimu na chumvi, mara nyingi pamoja na giligilani, ambayo Kenya wanaiita dania. Ni sosi nzito ya majani iliyokwisha kamilika. Tumezoea tu kuipeleka kwenye bajia na urojo, na hakuna kinachozuia kuilegeza kwa maji ya vuguvugu ikamwagiwa kabichi na karoti.

Ufundi uko kwenye maji. Tango na nyanya zina maji mengi, na chumvi huyavuta nje. Ndiyo maana bakuli lililoonekana zuri saa saba huwa dimbwi saa nane, na sosi imekuwa uji. Kata tango, toa mbegu za nyanya, nyunyiza chumvi, acha kwenye chujio kwa dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa safi. Kitunguu kikatwe nyembamba, kifikichwe kwa chumvi mpaka kilegee, kisha kisuuzwe mara mbili. Ukali wake unaondoka na maji na utamu unabaki. Kabichi nalo likandwe kidogo kwa mkono. Kwa sosi ya watu wanne, twanga kwenye kinu punje moja ya kitunguu saumu, pilipili mbichi ukiipenda, chumvi, fungu dogo la giligilani na majani machache ya nanaa. Usitupe vishina laini vya giligilani, vina harufu kama majani yenyewe. Chembe za chumvi husaidia kuyasaga, na baada ya dakika mbili tatu utaona kijani kinatoa maji na harufu inapanda. Ongeza parachichi moja lililoiva, ponda mpaka mabonge yaishe, kisha tia mtindi mzito nusu kikombe, na ndimu mwishoni kwa kuonja. Blenda inafanya kazi hiyo kwa nusu dakika. Sosi ikilala kwenye friji itafifia, kwa kuwa tindikali hubadilisha kijani cha majani na hewa hulipa parachichi weusi; rangi hiyo peke yake haina madhara, ila siku ya pili harufu ya majani imekwisha. Wapo watu ambao giligilani kwao ina ladha ya sabuni, na utafiti umeihusisha hali hiyo na tofauti za kurithi katika kunusa. Hao watumie nanaa na vitunguu majani, wasilazimishwe.

Hofu ya uchafu nayo ni ya kweli. Mboga nyingi za mijini humwagiliwa maji ambayo hakuna anayejua yametoka wapi, na kipindupindu na homa ya matumbo si habari za mbali. Osha kila kitu kizima kabla ya kukata, kwa maji yanayotiririka ambayo ni salama, au yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa. Ubao na kisu visiwe vile vilivyokata nyama mbichi. Ndimu inasaidia kuliko wengi wanavyodhani: utafiti uliofanywa Guinea-Bissau na kuchapishwa mwaka 2000 uliona kwamba maji ya ndimu kwenye chakula yaliwakinga walaji na kipindupindu, kwa kuwa vijidudu vyake havivumilii tindikali. Lakini ndimu haichukui nafasi ya kuosha, na palipo na mlipuko, mboga mbichi zisubiri. Mtindi uwe wa maziwa yaliyochemshwa au ya kiwandani, kwani mtindi wa maziwa mabichi unaweza kubeba brusela. Mayonezi ya nyumbani yenye yai bichi ningeiacha kabisa kwenye joto letu, maana salmonela haionekani wala hainuki.

Limebaki la bei. Njombe, Rungwe na Murang'a wanalima parachichi kwa ajili ya meli, na wanunuzi wa nje hutaka tunda lenye ukubwa na ngozi inayofanana. Dogo au lenye kovu hubaki masoko ya ndani kwa bei nafuu, na mafuta yake ni yale yale. Msimu ukiisha, karanga zinatosha, kwani karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Chagua zilizo nzima, tupa zilizosinyaa na zenye ukungu kwa sababu ya sumukuvu, kaanga kavu, menya, twanga mpaka zianze kulainika. Changanya na giligilani iliyotwangwa, mtindi na ndimu. Karanga hutaka ndimu nyingi kuliko parachichi, na sosi yake huzidi kukaza kadiri inavyokaa, kwa hiyo iongezewe maji ya vuguvugu kijiko kimoja kimoja mpaka imwagike kwa ulegevu, na imwagiwe mboga walaji wakiwa wameshanawa mikono.