Moja, Kumi, Mia: Jinsi Joto Linavyotanua Vitu

Kila mwanafunzi wa sayansi ajua kwamba kitu kikipata joto hutanuka, na kikipoa hunywea. Lakini kujua hivyo tu hakutoshi. Yafaa tuulize pia: hutanuka kwa kiasi gani? Maana vitu vigumu, vitu vya majimaji na hewa havitanuki sawasawa, na asiyejua tofauti yake aweza kujiletea hatari. Mimi hukumbuka tofauti hiyo kwa maneno matatu: moja, kumi, mia.

Tutwae pande la chuma, maji na hewa, kila kimoja lita moja, vyote vikiwa na joto la nyuzi 20 za Sentigredi. Kisha tuvipashe mpaka nyuzi 50. Chuma kitaongezeka kadiri ya sentimeta 1 ya ujazo tu. Maji yataongezeka kadiri ya sentimeta 10, yaani vijiko viwili vya chai. Hewa, ikiwa ina nafasi, itaongezeka kadiri ya sentimeta 100, ndiyo sehemu ya kumi ya lita nzima.

Kwa nini? Vitu vyote vimefanyizwa kwa chembe ndogo mno zisizotulia, na joto huzichangamsha zaidi. Chembe za chuma zimeshikana sana, kama watu waliokamatana mikono katika ngoma. Hutikisika, lakini hazibanduki. Chembe za maji hupenyana kama watu sokoni. Chembe za hewa hazishikani. Hutawanyika kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko.

Hata hivyo, tusiidharau ile moja ya chuma. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Kipande cha reli cha meta 12 kikiongezewa joto la nyuzi 30 hurefuka kwa milimeta 4 na kitu. Ni kidogo, lakini katika kilometa moja jumla yake ni sentimeta 36! Ndiyo maana mafundi wa zamani waliacha nafasi ndogo kati ya kipande na kipande, na magurudumu yakipita juu yake hulia ta-ta, ta-ta. Pasipo nafasi hizo, reli zingepindana kama nyoka wakati wa jua kali. Reli nyingi za siku hizi huchomelewa zikawa ndefu bila nafasi, lakini hubanwa kwa nguvu sana kwenye mataruma yaliyoshindiliwa kokoto.

Katika vitu vya majimaji, petroli na mafuta ya taa hutanuka karibu mara tatu kuliko maji. Kwa hiyo debe la mafuta lisijazwe mpaka mdomoni, kisha likaachwa juani. Maji nayo yana tabia ya peke yake: yakipoa kutoka nyuzi 4 mpaka 0, hayanywei bali hutanuka, na yakiganda hukua karibu sehemu 9 katika mia. Juu ya milima ya Ruwenzori maji huingia katika nyufa za miamba, huganda usiku, na polepole huipasua miamba hiyo.

Sasa tufikie mia ya hewa. Hewa iliyofungiwa haiwezi kutanuka. Badala yake husukuma kuta za chombo chake kwa nguvu inayozidi kadiri joto linavyozidi. Ikiwa chomboni mna maji, hatari huwa kubwa zaidi, kwa kuwa lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita 1,600 na zaidi. Kopo lililofungwa haliwezi kuipata nafasi hiyo, basi hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi.

Kwa sababu hiyo nawasihi wenzangu ambao zamu yao ni kuchoma takataka: chagueni kwanza. Kopo la dawa ya mbu, hata kama laonekana tupu, lisitupwe motoni, wala chupa yenye kizibo, wala kopo la chakula lisilofunguliwa. Na anayepasha chakula cha kopo jikoni alifungue kwanza. Kulitoboa kopo la chakula ni kazi ya dakika moja. Jicho likitoboka halina dawa.