Ngome ya Wachezaji: Namna ya Kuishughulikia katika Mchezo wa Mezani

Walimu wengi wa lugha wanaifahamu mbinu ya maigizo darasani: wanafunzi wawili wanasimama mbele ya wenzao, mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi, wanapatana bei, kisha wanaketi. Katika makala haya tunazungumzia jamaa wa mbinu hiyo, yaani mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Tutajikita katika swali moja linalowasumbua wanaouendesha: je, wachezaji wakijenga ngome yao wenyewe, ishughulikiwe vipi?

Mchezo wenyewe

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Watu huketi kuzunguka meza. Kila mchezaji ana mhusika wake, tuseme askari, mchawi au kasisi. Mmoja wao, ambaye tutamwita mwendesha mchezo, husimulia ulimwengu wa kubuni wenye majoka na mazimwi, na huigiza watu wengine wote wanaokutana na wahusika. Wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini, na jambo lisilo na hakika huamuliwa kwa kurusha dadu. Kisa hakimaliziki siku moja, bali huendelea wiki kwa wiki, pengine kwa miaka.

Ngome imekuwamo tangu mwanzo. Katika kanuni za mwaka 1978, askari aliyefika ngazi ya 9 aliweza kujenga ngome, kulisafisha eneo linaloizunguka, na kujipatia sarafu 7 za fedha kwa kila mkazi kila mwezi. Kanuni za mwaka 2014 zilitaja gharama na muda: ngome ndogo ni sarafu 50,000 za dhahabu na siku 400 za ujenzi, na kila siku ambayo mwenyewe hayupo huongeza siku 3. Kanuni za mwaka 2024 zimeshusha kizingiti hadi ngazi ya 5, na kila baada ya siku 7 za kisa mchezaji hutoa amri kwa watu wake: watengeneze, wavune, wafanye biashara, wachunguze au waandikishe askari.

Neno lipi?

Kabla hatujaendelea, tuangalie msamiati. Ngome ni jengo la kujihami, boma ni mahali palipozungushiwa ua au ukuta, na kasri ni makao ya mtawala. Lipo pia neno husuni, lenye asili ya Kiarabu, ambalo limebaki katika jina la Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 huko Kilwa Kisiwani. Kisiwani humo humo lipo jengo la Gereza, ambalo ni ngome, ingawa leo gereza ni jela. Wanafunzi wakiulizwa wanajenga lipi kati ya haya, watalazimika kwanza kueleza wanalijenga kwa ajili gani.

Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kuigeuza ngome kuwa daftari la hesabu. Mwendesha mchezo anadai kujua gharama ya kila gunia na mshahara wa kila mlinzi. Mchezaji mmoja anapiga hesabu, na wengine wanasinzia. Inatosha kuhesabu mara moja kwa kila msimu, na kuuliza swali moja tu: mwaka huu kuna ziada, kuna kutosha, au kuna upungufu?

Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kuiteketeza ngome ili kuleta msisimko. Wachezaji wanarudi kutoka safari na kukuta majivu. Kwa siku hiyo watashtuka kweli, lakini watakuwa wamejifunza somo moja tu: wasijenge tena. Wahusika wao watakuwa watu wasio na kwao, wasio na jamaa wala jirani, na mazungumzo yatapungua hadi kubaki “nampiga” na “nakimbia”. Mwalimu wa lugha anapaswa kuliona jambo hili kwa jicho la pekee, kwa kuwa asiye na cha kupoteza hana pia cha kutetea kwa maneno.

Namna ya kuishughulikia

Tuseme wachezaji wanne wamejenga ngome kwenye kivuko cha mto. Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mchezaji apewe sehemu yake: mmoja lango na walinzi, wa pili soko la kivukoni, wa tatu zahanati, wa nne ghala na nyaraka. Hivyo hapatakuwa na bwana mmoja na watazamaji watatu.

Pili, wawekwe watu wachache wenye majina na haja zao. Msimamizi anataka apewe shamba, mvuvi analalamikia ushuru wa kivuko, na mjane anadai ukuta umepita juu ya kiwanja chake. Watu watatu wa namna hii huleta visa vingi kuliko askari mia wasio na majina.

Tatu, hatari itanguliwe na ishara, na ishara iache nafasi ya kuchagua. Wafanyabiashara waache kupita, kisha ije barua ya vitisho, kisha waonekane wapelelezi ng’ambo ya mto. Historia inatufundisha kwamba si kila ngome huanguka kwa pigo moja. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilizingirwa na majeshi ya Oman tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katika muda huo meli za msaada zilifika, na maradhi yakawaua wengi wa waliokuwa ndani. Kila hatua ya mzingiro kama huo ni swali: tutoke, tungoje, tuombe msaada, au tujadiliane?

Nne, hasara iwe ya sehemu, na iwe imetokana na uamuzi wa wachezaji. Wakichagua kulinda soko na kuliacha ghala, basi ghala liungue. Watahuzunika, lakini watajua ni kwa nini, na watajenga upya.

Faida kwa darasa la Kiswahili

Ngome ya namna hii hudai lugha ya kila aina. Shauri la mjane hudai lugha ya baraza, barua kwa mfalme jirani hudai lugha rasmi, na ushuru hudai mapatano. Amri kwa walinzi huleta zoezi la dhamira tegemezi (“mlinde lango, msimruhusu mtu”), na mkutano wa baada ya shambulio huleta -nge- na -ngali- bila kulazimishwa: “Tungaliweka walinzi wawili, ghala lisingaliungua.” Mwanafunzi anayesema sentensi hiyo hatimizi zoezi tu, bali anajitetea mbele ya wenzake.

Walimu watakaotaka kuujaribu mchezo huu hawahitaji vitabu vya gharama. Dadu mbili, karatasi ya ramani na kikundi cha wanafunzi wanne au watano vinatosha kwa kuanzia. Kikundi kikishajenga, mwalimu akumbuke kwamba ngome ile ni ya wanafunzi, naye kazi yake ni kubisha hodi langoni kila wiki akiwa na shida mpya.