Gari la Zima-moto Likiwa na Kasoro, Ni Nani wa Kujibu?

Nchi ya Kitui na Makueni ni kavu, na mito yake mingi ni ya mchanga. Kwa hiyo gari la zima-moto huko halina budi kuchukua maji yake lenyewe. Maji ya lita 1,000 yana uzito wa tani moja. Basi tangi la lita 5,000 ni mzigo wa tani tano, mbali na pampu, ngazi, mipira na watu. Mzigo huo hupandishwa milima ya Mbooni na Kilungu, au hupelekwa mbio kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako malori ya petroli hupita Mtito Andei na Makindu usiku na mchana. Breki zikilegea au pampu ikikataa kuvuta, watakaoumia ni wazima-moto wenyewe pamoja na wale wanaongoja kuokolewa.

Tangu mwaka 2013 kazi ya kuzima moto imo mikononi mwa serikali za kaunti, kama ilivyoagizwa na Katiba ya mwaka 2010. Lakini kununua gari si kujitwika makosa ya aliyelitengeneza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa yasema kuwa mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi ya kitu anachokitaka, na kuutegemea ujuzi wake, kitu hicho sharti kiifae kazi hiyo. Tena, katika mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mwenye kiwanda hujibu kwa madhara yatokanayo na uzembe wake, hata kama aliyedhurika hakununua kitu kwake. Na Kifungu cha 46 cha Katiba champa mtumiaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro ya bidhaa.

Hata hivyo, mnunuzi naye ana wajibu wake. Aliyelikagua gari akaacha kuona kasoro iliyo wazi, huenda akakosa la kudai. Yafaa basi tangi lijazwe, pampu iendeshwe na breki zijaribiwe mlimani kabla ya kutia sahihi ya kupokea. Kasoro ikitokea baadaye, iandikwe kitabuni kwa tarehe, mwuzaji aarifiwe kwa barua, na gari lisitoke mpaka litengenezwe. Dereva anayeinyamazia breki mbovu huificha haki ya wenzake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.